Wajukuu wawili, nyumba ya chini ya paa na joto la Julai Stuttgart: cha Tanga kipi kitafaa kule?

Bi_Makorora ameuliza:

Asalaam alaykum wanajukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Mwezi wa saba, Mungu akipenda, nakwenda Ujerumani, mji wa Stuttgart, kumsaidia binti yangu kulea. Ana wawili: wa kike miaka mitatu, wa kiume atakuwa na miezi mitano. Chekechea yao inafungwa wiki tatu mwezi wa nane na mkwe yuko kazini mchana kutwa, kwa hiyo watakaoshinda na watoto ni mimi na mama yao.

Nyumba ni ghorofa ya nne, ya mwisho, na vyumba viwili viko chini ya paa lenyewe. Kiyoyozi hakuna. Binti anasema kiangazi kilichopita chumba cha watoto kilikuwa nyuzi 31 saa nne usiku. Huku mtaani wananiambia mtu wa Tanga haogopi joto la Ulaya. Joto la kwetu dawa yake naijua: madirisha wazi yote, upepo wa bahari uingie, mchana mnashinda barazani, saa kumi watoto wanatoka kucheza, magharibi wanaogeshwa na kulala. Ninachotaka kujua ni kama mpango huo unafaa kule.

Wenye kujua naomba mnieleze kinagaubaga: madirisha, usingizi, maji kwa huyu mchanga, saa za kutoka nje, na nibebe nini.

---

Mgosi_Ughaibuni:

Shikamoo bibi. Mpango huo ukiupeleka kule kama ulivyo, nyumba itakuwa tanuri kufika jioni. Nianze na madirisha kwa sababu ndiyo yanayoamua kama watoto watalala au hawatalala.

Nyumba ya Tanga imejengwa kupitisha hewa. Ya Ujerumani imejengwa kushika joto, maana adui yao mkubwa ni baridi ya Januari: ukuta mnene, kioo cha tabaka mbili au tatu, paa lililojazwa kizuizi cha joto. Jua likishaingia kupitia kioo, joto linabaki ndani. Na mchana hakuna upepo wa bahari wa kulitoa. Bahari iko mamia ya kilomita, na Stuttgart yenyewe imekaa bondeni, imezungukwa na vilima. Ukifungua dirisha saa nane mchana wakati nje ni nyuzi 34 na ndani ni 26, unaikaribisha ile 34 iingie ikae.

Lakini kule kuna kitu ambacho sisi mwezi wa pili hatuna: usiku hupoa. Siku ya nyuzi 33 mara nyingi inafuatiwa na alfajiri ya nyuzi 15 hadi 18. Tanga wakati wa kaskazi usiku unakesha kwenye nyuzi 24 au 25 na unyevu juu yake. Kwa hiyo kazi yote kule ni kuingiza ubaridi wa usiku na kuufungia ndani mchana.

Nunueni vipimajoto viwili vya bei ndogo. Kimoja chumba cha watoto, kwenye kimo cha kitanda chao; kingine nje ya dirisha lisilopigwa na jua. Kanuni ni moja tu: nje pakiwa baridi kuliko ndani, fungua; nje pakizidi ndani, funga. Siku za joto kali kufunga huangukia kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi, na kufungua ni saa nne usiku au hata saa tano. Msifungue kwa mazoea ya saa, someni vipimajoto.

Kufunga maana yake ni kioo pamoja na kivuli cha nje. Angalia kama madirisha yana vile vibao vya kukunja vinavyoshuka nje ya kioo kwa mkanda. Wenyewe wanaviita Rollladen. Kama vipo, vishushwe kabla jua halijagusa kioo, mkiacha mwanya wa vidole vitatu chini ili ndani pasiwe giza kabisa. Pazia la ndani halifanyi kazi hiyo, kwa sababu jua limeshapita kwenye kioo na joto limeshaingia chumbani. Pazia linalipunguza kidogo tu. Kama vibao hakuna, kitambaa cheupe kifungwe upande wa NJE, kwa kamba na vibanio, au wanunue kivuli cha kubana kisichohitaji kutoboa ukuta. Kutoboa au kufunga kitu cha kudumu nje ya jengo kunahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Karatasi nyeusi msibandike ndani ya kioo: kioo kinapata joto upande mmoja na kinaweza kupasuka.

Madirisha ya kwenye paa ndiyo mabaya kuliko yote, yanatazama jua moja kwa moja. Hayo yatafutiwe kivuli chake cha nje kwanza, kabla ya dirisha lolote la ukutani. La pili ni linalotazama magharibi, nitaeleza sababu kwenye saa.

Usiku, fungueni matundu mawili yanayotazamana pande mbili za nyumba, na milango ya ndani iwe wazi na kuzuiwa isijibamize. Feni iwekwe mbele ya dirisha moja ikitazama NJE, isukume hewa ya moto itoke. Hewa ya baridi itaingia yenyewe upande wa pili. Watu wengi huelekeza feni ndani, inazungusha joto lile lile. Nyumba ya chini ya paa inahitaji saa nyingi kupoa kwa sababu ukuta na mbao zimelishika joto, kwa hiyo kufungua nusu saa kabla ya kulala hakutoshi. Acheni wazi mpaka asubuhi.

Sasa saa. Kule wakati wa kiangazi wako nyuma yetu saa moja tu, lakini jua lao halifuati saa yao. Jua la utosi Tanga ni kama saa sita na nusu. Stuttgart mwezi wa saba ni kama saa saba na nusu mchana, na joto linazidi kupanda baada ya hapo; kilele ni saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Ile saa kumi yako ya kuwatoa watoto ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mwanzoni mwa Julai jua linachomoza saa kumi na moja na nusu hivi alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo magharibi huwezi kuisubiri ndipo uwalaze. Mtoto wa miaka mitatu atakuwa ameshachoka hajiwezi. Na hilo jua refu la jioni linaingia kwa ubavu, chini, moja kwa moja kwenye dirisha la magharibi. Ndiyo sababu chumba kinasoma nyuzi 31 saa nne usiku.

Ratiba inayokwenda na hali hiyo: nje saa moja na nusu mpaka saa nne na nusu asubuhi. Ndani, chumba cha upande wa kivuli, kutoka saa tano mpaka saa kumi na mbili. Watoto walale mchana baada ya chakula, hata yule mkubwa kama ameshaacha. Saa kumi na mbili na nusu au saa moja kasoro mnatoka tena, kwa muda wa saa moja au saa moja na nusu. Kuoga, kulala saa mbili na nusu, vibao vikiwa chini ili chumba kiwe na giza.

---

Nesi_Chumbageni:

Shikamoo Bi Makorora. Mgosi kamaliza madirisha, mimi naja kwenye miili ya watoto.

Wa miezi mitano kama ananyonya maziwa ya mama pekee, maji HAPEWI. Hata nje kukiwa nyuzi 36. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Anachohitaji ni kunyonyeshwa mara nyingi zaidi, hata kila saa moja na nusu, na atanyonya kidogo kidogo. Maji yanajaza tumbo dogo, ananyonya pungufu, na yakizidi yanapunguza chumvi ya damu. Anayepaswa kunywa maji ni binti yako: glasi moja kila anaponyonyesha, iwe karibu na kiti kabla hajaanza. Kama mtoto anatumia maziwa ya kopo, hapo ni sawa kumpa maji kidogo yaliyochemshwa na kupozwa kati ya milo. Ila maziwa yenyewe yasiongezewe maji kuliko kipimo cha kopo.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje ya friji kwa saa 4 kama chumba hakizidi nyuzi 25. Chumba chenu kitazidi, kwa hiyo yakikamuliwa yaende kwenye friji pale pale. Ya kopo yakishakorogwa yatumike ndani ya saa 2, na mtoto akishaanza kuyanywa, baada ya saa 1 yanayobaki yamwagwe. Hili wengi hulivumilia wakati wa baridi halafu kiangazi linaleta kuhara.

Wa miaka mitatu: Wajerumani wanapendekeza kama mililita 820 za vinywaji kwa siku ya kawaida kwa mtoto wa mwaka 1 hadi chini ya 4. Siku ya joto apite hapo. Usimuulize kama ana kiu, akicheza hasikii kiu. Mpe nusu kikombe kila saa, na kabla ya kutoka. Maji ya bomba kule yananyweka. Yakiwa yamelala kwenye bomba usiku kucha acha yatiririke mpaka yatoke ya baridi. Juisi na soda si za kukata kiu. Tikiti, tango na mtindi anaweza kula mchana akikataa wali. Asali kwa aliye chini ya mwaka 1 hapana, hata ya kulambishwa.

Kuangalia kama maji yamepungua mwilini: nepi kavu kwa saa 6, mkojo wa rangi ya chai, machozi hayatoki akilia, mdomo mkavu, utosi umebonyea, amelegea. Mkubwa akitapika au kuhara mpeni ORS, pakiti nzima kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake (ya kwetu ni lita moja, za kule mara nyingi ni za mililita 200), kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Glasi nzima kwa mpigo ataitapika. Pakiti isigawanywe kwa jicho, yote iingie kwenye kiasi hicho cha maji. Mchanga mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, huku akiendelea kunyonya.

Mtoto akiwa wa moto sana, amechanganyikiwa, haamki vizuri au anatetemeka degedege, hicho ni kiharusi cha joto. Piga 112, namba hiyo ni ya dharura Ulaya nzima na ni bure. Wakati mnasubiri, mvue nguo, mlaze kivulini, mwagia maji mwilini na mpepee kwa nguvu. Panado haishushi joto la aina hiyo, kwa sababu halitokani na maradhi. Mwili umeshindwa kujipoza. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Kwa shida isiyo ya hatari baada ya saa za kliniki, Ujerumani nzima namba ni 116117.

Vipele vya joto: hivyo ni vijitundu vya jasho vilivyoziba. Mafuta mazito yanaziba zaidi. Najua sisi Pwani mtoto bila mafuta ya nazi na poda tunaona hajaoga, lakini siku za joto mafuta yaachwe kwenye shingo, mgongo na mapajani, na poda iachwe kabisa. Ikichanganyika na jasho inakuwa uji kwenye mikunjo, na vumbi lake mtoto analivuta. Maji ya vuguvugu, kausha kwa kubonyeza bila kusugua, acha ngozi ipigwe na hewa dakika kumi bila nepi.

---

Mama_Mapacha_Raskazone:

Naongezea ya nje, maana wiki tatu za chekechea kufungwa hamtakaa ndani.

Kigari cha mtoto kisifunikwe na kitambaa kikavu. Kila mtu anafanya kwa nia njema ya kuzuia jua, lakini hewa ndani inasimama na joto linapanda haraka kuliko nje. Kivuli kiwe cha mwavuli unaoachia pande wazi. Mkilazimika kufunika, khanga iloweshwe, ikamuliwe, ifunike upande mmoja tu, na mloweshe tena inapokauka. Kule hewa ya mchana ni kavu kuliko yetu, maji yanakauka haraka na yakikauka yanapoza. Ndiyo maana khanga mbichi kule inafanya kazi ambayo Tanga mwezi wa pili haifanyi.

Mbeleko: mtoto mgongoni au kifuani anapokea joto lako nawe unapokea lake. Tumia khanga moja isiyokunjwa mara mbili, uso wake uuone, na isiwe saa za jua kali.

Aliye chini ya miezi sita asikae juani kabisa. Mkubwa apakwe losheni ya jua ya kiwango cha 30 au zaidi dakika 20 kabla ya kutoka, irudiwe kila saa 2 na kila anapotoka majini. Ngozi nyeusi inachelewa kuungua lakini inaungua. Kwenye hilo hilo la jua, muulize binti kama mtoto anapewa matone ya vitamini D. Ujerumani wachanga wote hupewa kila siku, uniti 400 hadi 500, mwaka wote wa kwanza, na kwa mtoto mweusi ni muhimu zaidi. Yasikatishwe eti kwa sababu ni kiangazi.

Uwanja wa michezo: gusa bembea, slaidi na sakafu ya mpira kwa mgongo wa mkono wako, hesabu mpaka tano. Ukishindwa kuvumilia, mtoto asipande. Buckle ya chuma ya kiti cha gari pia, ifunikeni kitambaa mkishuka. Na mtoto haachwi garini hata kwa kununua mkate. Nje kukiwa nyuzi 28, nusu saa ndani ya gari hupita 40, na saa moja hupita 50. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi lolote la maana.

Bustani za Schlossgarten na Rosensteinpark zina miti mikubwa, kivuli chake asubuhi ni kizuri sana kwa watoto. Mto Neckar una meli za mizigo, si mahali pa kuchezea maji.

Halafu kuna kupe. Msishangae. Kupe wa kule hukaa kwenye majani marefu na pembezoni mwa vichaka, anapanda kwa miguu ya mtoto. Anaambukiza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria, na katika karibu jimbo lote la Baden-Württemberg, iliko Stuttgart, anaambukiza pia virusi vya kuvimba ubongo. Kila mkirudi kutoka kwenye majani mkagueni mkubwa akiwa uchi: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio, mstari wa nywele. Mkimkuta, kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu kwa kunyoosha juu. Msimpake mafuta wala kumchoma moto, akisumbuliwa anatapika vijidudu kwenye ngozi. Vijidudu vya Lyme huchukua saa nyingi kupita, kwa hiyo kumtoa siku hiyo hiyo kunasaidia sana; vile virusi vinapita mapema, dawa yake ni chanjo. Andikeni tarehe. Kwa wiki kadhaa tazameni kama panatokea duara jekundu linalopanuka, likitokea, daktari. Chanjo ya virusi inatolewa kuanzia mwaka 1, dozi ya kwanza na ya pili hupishana mwezi 1 hadi 3, basi binti aulize sasa kwa ajili ya mkubwa asisubiri Julai.

Nyigu wanazidi mwezi wa nane na wanapenda vitu vitamu. Kikombe cha mtoto kiwe na mfuniko, na mumtazame kabla hajanywa.

---

Duka_la_Khanga_Ngamiani:

Bibi, kwenye mzigo: khanga za pamba tupu, sita au nane, zilizokwishafuliwa mara mbili tatu. Mpya ina wanga, hainywi maji wala jasho. Ukitaka kujua kama ni pamba, dondoshea tone la maji: likiingia mara moja, pamba, likikaa juu kama lulu, imechanganywa nailoni au bado ina wanga. Za rangi nyepesi zichukuliwe kwa madirisha, nyeusi na nyekundu zinameza jua.

Mkeka wa ukindu mmoja wa futi tatu kwa sita, usiopakwa rangi. Unakunjika na hewa inapita chini. Pepeo za ukili mbili. Vibanio vya nguo vya mbao, vya plastiki vinakatika juani. Usihangaike na ORS nyingi wala mafuta, vyote maduka ya dawa ya kule vipo. Ile bima ya safari uliyoombea viza, inayotakiwa iwe ya angalau yuro 30,000, piga picha namba yake iwe kwenye simu ya binti pia.

---

Bi_Makorora:

Marahaba wanangu, Mungu awalipe. Nimeyaandika yote kwenye daftari na binti nimemtumia ya madirisha.

Matatu yamebaki. Moja, mnasema madirisha wazi usiku kucha: ghorofa ya nne na mtoto wa miaka mitatu anayepanda kila kitu? Mbili, mkeka nimeufurahia, je mchanga naye alale humo sakafuni? Tatu, usiku wa joto naweza kumwogesha mtoto maji ya baridi ya friji ili apoe haraka?

---

Mgosi_Ughaibuni:

La kwanza umeuliza kabla sijalisema, na lina uzito kuliko joto lenyewe.

Chumba anachofika mtoto, dirisha lifungwe kizuizi kisichoruhusu lifunguke zaidi ya sentimita 10. Kinauzwa madukani, cha chuma cha kebo au cha mnyororo mfupi, kinafungwa kwa skrubu kwenye fremu. Au komeo la dirisha libadilishwe liwe la ufunguo. Madirisha ya kufungua wazi kabisa usiku yawe ya jikoni na sebuleni, mlango wa chumba hicho ukiwa na kizuizi cha watoto. Wavu wa mbu haumzuii mtoto, unang'oka kwa kusukumwa tu, na ni hatari zaidi kwa sababu unaonekana kama ukuta.

Madirisha ya kule pia yana namna ya kuinamia ndani kwa juu, ukizungusha kitasa kitazame juu. Hewa inayoingia hapo ni ndogo, inasaidia kidogo. Pale penye mwanya, mtoto akipanda anaweza kukwama kichwa au mkono, kwa hiyo lisiachwe hivyo mahali anapoweza kufika. Sogezeni viti, kitanda, kikapu cha nguo, chochote cha kukwelea, kiwe mbali na dirisha na ukingo wa roshani. Kamba za mapazia zifungwe juu asipofika, zinanyonga. Na feni ya dirishani iwe na wavu wa matundu madogo, waya wake upite nyuma ya kabati.

Hali ya hewa ifuatwe kwa programu ya idara yao, DWD. Wanatoa onyo la joto la ngazi mbili: joto linalohisiwa likizidi nyuzi 32, na la juu likizidi 38. Likitoka onyo, usiku unaotangulia ndiyo wa kuipoza nyumba vizuri, ukisubiri siku yenyewe umechelewa.

Jingine, bibi, na hili ni lako wewe. Unatoka Tanga mwezi wa saba, msimu wa kusi, huku ndio kumepoa. Mwili wako hautakuwa umezoea joto. Mazoea ya kaskazi yameshaondoka. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea upya. Siku za mwanzo usimbebe mtoto kupanda ngazi za ghorofa nne saa tisa mchana, na kama unatumia dawa za presha, hasa za kukojosha, muulize daktari wako kabla ya safari zinavyokwenda na joto.

---

Nesi_Chumbageni:

La pili: mkubwa alale kwenye mkeka sakafuni bila wasiwasi, hewa ya chini ni ya baridi kuliko ya juu, hasa chini ya paa. Juu ya mkeka mtandike shuka moja. Kama vyumba vya paa vimeshindikana kabisa, watoto wote wahamie sebuleni au chumba chochote cha upande wa kaskazini au mashariki mpaka joto lipite.

Mchanga alale chali kwenye godoro lake gumu lililonyooka, kwenye kitanda chake, bila mto, bila khanga ya kumfunika, bila mdoli. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta wa paa. Chumba kikipita nyuzi 27 avae nepi tupu. Kumjua kama ana joto, shika shingo kwa nyuma au kifua, si mikono wala miguu. Shingo ikiwa na jasho, punguza. Feni isimpige usoni, izunguke juu yake au ielekezwe ukutani. Asilale kitanda kimoja na mtu mzima usiku wa joto.

La tatu, hapana. Maji ya baridi sana yanafanya mishipa ya ngozi ijikunje, joto linafungiwa ndani, na mtoto akianza kutetemeka mwili unazalisha joto jipya. Maji yawe ya vuguvugu kidogo, ukichovya kiwiko usisikie moto wala baridi. Dakika tano hadi kumi, halafu usimkaushe kabisa. Mwache na unyevu kidogo, na feni ikipita mbali anapoa vizuri. Ukiamka usiku ukamkuta wa moto, kitambaa kibichi kwenye nyayo, kinena na kwapa kinatosha.

Beseni likimalizika kutumika limwagwe hapo hapo. Bwawa dogo la plastiki la barazani nalo hivyo hivyo: mtoto anazama kwenye maji ya sentimita chache, kimya kimya, na mtu mzima awe kwenye umbali wa kumshika kwa mkono. Mpira wa maji uliolala juani, maji ya mwanzo yanaunguza; yamwagwe chini kwanza.

---

Mama_Mapacha_Raskazone:

Moja dogo kwenye hilo la sebuleni. Mkiwahamisha watoto, mhamisheni mkubwa mchana wa kwanza kwa usingizi wa mchana, usiku tayari pamezoeleka. Ukimhamisha saa mbili usiku jua bado liko dirishani, atadhani ni mchezo.

---

Bi_Makorora:

Nimeelewa. Binti kaniambia dirisha la chumba cha watoto linatazama magharibi na halina vibao vya nje, na la pili ni la kwenye paa. Basi la paa watanunua kivuli cha nje wiki hii, la magharibi nitafunga khanga nyeupe kwa nje mimi mwenyewe nikifika. Vizuizi vya sentimita 10 mkwe ameshaagiza viwili.

---

Mgosi_Ughaibuni:

Khanga ya nje ifungwe na mkwe, bibi, ghorofa ya nne usiegemee dirishani. Akae ndani, afunge kamba kwenye pembe mbili za juu za fremu, khanga ishuke nje ya kioo, ncha zake za chini zifungiwe kwenye fremu ya chini isipeperuke. Iachwe umbali wa kiganja kutoka kwenye kioo, hewa ipite katikati. Upepo wa dhoruba ya radi ukitangazwa, itolewe kabla. Mvua za jioni za Julai huja na upepo mkali, na mkishaitoa fungueni madirisha mara mvua ikikata, hewa baada ya mvua ni ya baridi na nyumba inaanza kupoa mapema.